Kupima, Kukadiria na Kuiga: Uhakiki wa Maelezo ya Somo Kutoka Chinsapo

Maelezo ya somo yaliyotufikia idarani muhula uliopita yana kurasa 14 za fotokopi, na kichwa chake ni "Utendaji na Simulizi za Mashine Zinazojifunza". Haishangazi kwamba aliyeyapokea aliyapeleka moja kwa moja kwenye rafu ya fasihi simulizi, yakakaa wiki mbili kati ya ngano na vitendawili. Kwa msomaji wa idara yetu, utendaji ni namna fanani anavyoiwasilisha kazi yake mbele ya hadhira, na simulizi ni kile kinachosimuliwa. Waandishi hawakumkusudia fanani. Walikusudia kueleza namna ya kujua, kabla mtu hajanunua au kuunda mashine, itafanya kazi ya akili bandia kwa kasi gani. "Simulizi" kwao ni neno la Kifaransa na la Kiingereza lililovikwa kanzu ya Kiswahili, na kwa bahati mbaya kanzu hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari.

Waandishi ni vijana watatu waliokulia mashariki mwa Kongo na kusomeshwa kwa Kifaransa. Darasa lao la jioni lilianza Chinsapo, ule mtaa mkubwa wa kusini-magharibi mwa Lilongwe uliojengwa na wenyeji wenyewe zaidi kuliko na wapimaji ardhi. Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warejee Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili, na Mei mwaka huohuo polisi wakaanza kuwakusanya waliobaki mjini. Darasa likahamia Dzaleka, wilayani Dowa, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 na ushei, na ambayo leo ina zaidi ya 50,000. Maelezo haya yamesafiri pamoja nao. Kurasa za kwanza zinataja vigayo vya Chinsapo, na za mwisho zinataja foleni za kambini.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maelezo hayo kama tunavyohakiki andiko lolote la Kiswahili linalofundisha. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi nzuri, na sehemu yake moja ni bora kuliko vitabu kadhaa vya kiada tulivyowahi kupewa kusoma. Pili, kosa la istilahi lililomo limezaa kosa la hesabu, na kuna watu wanaochanga fedha zao kwa kuitegemea hesabu hiyo.

Tuanze na uzuri. Ukurasa wa 2 unauliza: kigayo kinaweza kusaga kiasi gani kwa saa? Mtu wa haraka hutazama injini. Waandishi wanamwambia atazame pia mkono unaomimina mahindi. Tuseme injini inaweza kusaga kilo 300 kwa saa, lakini anayemimina kwa ndoo hawezi kupitisha zaidi ya kilo 120. Kigayo hicho ni cha kilo 120, hata kama muuzaji ameandika 300 ubavuni mwa mashine, na ukikiwekea injini kubwa zaidi utakuwa umeiongezea injini muda wa kukaa bure. Mama yeyote aliyewahi kusubiri unga Chinsapo anaielewa sentensi hiyo bila kufafanuliwa. Kompyuta nayo iko hivyohivyo. Kichakataji ndicho injini, kumbukumbu ndiyo gunia, na kasi ya kuhamisha data kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye kichakataji ndiyo mkono wenye ndoo.

Mfano huu unatufikisha kwenye kanuni ambayo Samuel Williams, Andrew Waterman na David Patterson wa Berkeley waliichapisha mwaka 2009, nayo huchorwa kama paa la nyumba. Upande mmoja wa mchoro ni mteremko: hapo kazi inazuiwa na mkono wa kumimina. Upande wa pili ni bapa: hapo kazi inazuiwa na injini. Kazi itaangukia upande gani hutegemea idadi ya hesabu zinazofanywa kwa kila baiti inayoletwa. Waandishi wanaiita "kanuni ya paa", nasi tunaiunga mkono tafsiri hiyo kwa furaha ya pekee, maana Kiswahili kina paa la nyumba na kina kitenzi kupaa, na mstari wa mchoro unapaa mpaka unafika darini. (Paa wa porini hawahusiki, ingawa mwanafunzi mmoja hakukosa kuuliza.)

Hata hivyo, mfano wa kigayo unavunjika ukurasa wa 5, na waandishi hawakuona. Wanajaribu kueleza hesabu nyingi kwa baiti moja kwa kutofautisha mgaiwa na unga mweupe: mgaiwa husagwa mara moja, unga mweupe hukobolewa kwanza, kwa hiyo kila kilo ina kazi zaidi. Lakini kukoboa hufanywa na mashine nyingine, na punje ikishasagwa haisagwi tena kwa faida ya mteja wa pili. Baiti ina tabia tofauti. Ikishaletwa karibu na kichakataji inaweza kutumika mara elfu kabla ya kuachwa. Sisi walimu tuna mfano ulio karibu zaidi. Kitabu cha ziada ni kimoja, nacho kiko maktaba mbali na darasa. Safari ya kukileta ni ileile, uwe unamsomea mwanafunzi mmoja au 40. Ukimsomea mmoja, siku yako yote ni njiani. Ukiwasomea 40, safari imelipa. Ndiyo maana kituo kikubwa cha kompyuta kinachohudumia maelfu ya watu kwa pamoja hupata faida kubwa kutoka kwenye chipu yake, ilhali kompyuta ya mezani inayomhudumia mtu mmoja hushinda njiani kwenda maktaba.

Mfano halisi wa jambo hili ni chipu ya Google iitwayo TPU. Kampuni ilikuwa ikiitumia katika vituo vyake tangu mwaka 2015, na mwaka 2017 Norman Jouppi na wenzake zaidi ya 70 wakaieleza hadharani katika mkutano wa Toronto. Upeo wake ulikuwa hesabu trilioni 92 kwa sekunde. Kumbukumbu yake ilitoa gigabaiti 34 tu kwa sekunde. Walipoendesha kazi halisi, moja ya kazi za aina inayotumika katika picha ilifika trilioni 86, karibu na dari kabisa. Kazi mbili za aina inayotumika katika lugha zilipata trilioni 3.7 na 2.8. Chipu ni ileile, siku ni ileile. Kuwasubirisha watumiaji mpaka darasa la 40 lijae hakukuwezekana, kwani kwa mojawapo ya kazi za chipu hiyo kikomo cha kusubiri kilikuwa milisekunde 7.

Jambo linalotuvutia zaidi katika taarifa ile ni kwamba waandishi wake walikuwa na kadirio kando ya kipimo. Waliunda fomula za utendaji, wakazilinganisha na vihesabio vilivyomo ndani ya chipu yenyewe, wakakuta tofauti ya wastani chini ya asilimia 10. Baada ya kuliamini kadirio hilo ndipo walipoliuliza maswali ambayo chipu halisi haiwezi kuyajibu. Je, tukiongeza mwendo wa saa ya chipu? Faida kwa wastani ni ndogo mno. Je, tukiongeza kasi ya kumbukumbu mara nne? Utendaji unapanda kwa wastani mara tatu. Mkono wa kumimina, kama kule kwenye kigayo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye lawama yetu. Katika Kiswahili kuna kupima, kuna kukadiria na kuna kuiga, na hivi ni vitendo vitatu. Unapima kitu kilichopo: mashine iko mbele yako, unaiendesha, unashika saa. Unakadiria kwa kanuni: una namba za mashine na namba za kazi, unazidisha na kugawanya, unapata jibu ambalo halijaguswa na mashine yoyote. Unaiga unapotunga programu inayojifanya mashine, ikatembea hatua kwa hatua kama mashine ambayo labda haijawahi kuundwa. Programu ya gem5, iliyotangazwa mwaka 2011, hufanya hivyo kwa kompyuta nzima. SCALE-Sim, iliyotoka mikononi mwa watafiti wa Arm na Georgia Tech, hufanya hivyo kwa aina ya chipu zinazofanana na TPU. Hata kukisia kuna mahali pake, pale mtu anaposema bila kanuni. Jirani zetu wa Chichewa hutofautisha kuyeza na kuyerekeza, ingawa kuyerekeza kwao kumebeba kukisia, kulinganisha na kujifanya kwa pamoja, na huenda ndiko waandishi wetu walikojifunza kuchanganya.

Katika maelezo ya Chinsapo vitendo vyote vitatu vinaitwa "simulizi", na pale mwandishi anapochoka, "modeli". Kwenye ukurasa wa 9 tunasoma kuwa TPU "ilipimwa trilioni 92". Haikupimwa hivyo. Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha idadi ya vikokotozi vya chipu na mwendo wa saa yake, kana kwamba hakuna hata kimoja kinachosubiri chochote. Ni kadirio la upeo, sawa na ile 300 iliyoandikwa ubavuni mwa kigayo. Kilichopimwa ni 86, na 2.8. Mwanafunzi atakayekariri ukurasa wa 9 hataona kwa nini ukurasa wa 2 uliandikwa.

Neno "modeli" lina shida yake. Kitu kinachoendeshwa ndani ya mashine, yaani modeli ya lugha, nacho kinaitwa modeli. Kwa hiyo ukurasa wa 10 una sentensi isemayo "modeli ya utendaji wa modeli inaonesha kwamba modeli ni nzito". Tuliwapa wanafunzi watano wa mwaka wa tatu sentensi hiyo waieleze, tukapata maelezo matano. Pendekezo letu ni kwamba modeli ibaki kuwa jina la kile kilichojifunza, fomula ziitwe kadirio, programu inayojifanya mashine iitwe kiigizi na tendo lake mwigo, na kipimo kiwe cha saa na mashine iliyopo. Utendaji tunauacha kama ulivyo. Tayari una maisha mawili, kwenye kauli za vitenzi na kwenye jukwaa, na ukiongezewa la tatu hautakufa, mradi kichwa cha habari kisiuweke ubavuni mwa simulizi.

Sasa fedha. Kikundi cha darasa kinachangishana kununua kompyuta moja ya mkononi iliyokwisha kutumika, ili kuendesha modeli ya lugha bila intaneti na kutafsiri matangazo kati ya Kiswahili, Chichewa na Kifaransa. Ukurasa wa 11 unasema mashine waliyoichagua "imepimwa vipande 12.8 kwa sekunde". Kipande ni sehemu ya neno, ndicho modeli inachokiandika kwa zamu moja. Tuliifuata namba hiyo ilikotoka. Modeli yenye vigezo bilioni 7, ikibanwa mpaka kila kigezo kichukue nusu baiti, ina uzito wa gigabaiti 3.5 na nyongeza kidogo, tuseme 4. Ili kuandika kipande kimoja ni lazima gigabaiti zote 4 zisomwe kutoka kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu ya aina ya DDR4-3200 ikiwa na vibao viwili inatoa gigabaiti 51.2 kwa sekunde. Gawanya kwa 4, unapata 12.8.

Hesabu ni safi na tunawapongeza. Ila ni kadirio, tena la upeo, na limeandikwa kwa kitenzi cha kupima. Mashine inayouzwa ina kibao kimoja. Kibao kimoja kinatoa gigabaiti 25.6, na upeo unashuka hadi vipande 6.4. Kama sentensi ingesomeka "tunakadiria vipande 12.8 tukichukulia vibao viwili", kila aliyechanga angeuliza vibao vingapi vipo. Neno "imepimwa" limelifunga swali hilo. Tena muuzaji anawashawishi waongeze fedha wachukue kompyuta nyingine yenye kichakataji kipya zaidi, nayo pia ina kibao kimoja cha aina ileile. Kwa kazi hii nyongeza hiyo haitawapa kitu cha maana. Kibao cha pili cha kumbukumbu, ambacho ni nyongeza ndogo zaidi, kinaweza kukaribia kuongeza kasi mara mbili.

Kuna la pili, ambalo si kosa la waandishi wetu peke yao. Vipande 12.8 ni maneno mangapi? Katika Kiingereza, neno la kawaida mara nyingi ni kipande kimoja au kimoja na kitu. Katika Kiswahili, neno kama "hatukuwasimulia" hukatwa vipande kadhaa, kwa sababu vikataji hivyo vilifundishwa kwa matini ambayo sehemu kubwa ni Kiingereza. Wala havikati penye mofimu. Sisi tungekata ha-tu-ku-wa-simuli-a, chenyewe hukata popote panapofanana na kitu kilichowahi kuonekana mara nyingi. Lazima tuwe waadilifu hapa: neno hilo moja la Kiswahili linabeba kazi ya maneno matano au sita ya Kiingereza, kwa hiyo kuhesabu vipande kwa neno kunatuonea. Kipimo cha haki ni sentensi zenye maana ileile katika lugha zote mbili, zikahesabiwa vipande. Ukifanya hivyo pengo linapungua, lakini haliishi, na mwenye kuandika Kiswahili hulipa muda zaidi kwenye mashine ileile.

Vipimo vinavyotumika duniani havilioni pengo hilo. Mashindano ya MLPerf, yaliyoanza mwaka 2018 na ambayo watengenezaji wa chipu huyatumia kulinganisha bidhaa zao, yamepima tafsiri kwa Kiingereza na Kijerumani, kujibu maswali kwa aya za Kiingereza, kutambua usemi kwa vitabu vya sauti vya Kiingereza, na kufupisha habari za magazeti ya Kiingereza. Hatudai kwamba chipu inajua lugha, maana inazidisha tu namba. Lakini urefu wa matini, idadi ya vipande na muda wa kusubiri ni mambo ya lugha, na ndiyo yanayoamua kazi itaangukia upande gani wa paa. Anayebuni chipu huiga kazi iliyopo kwenye orodha yake. Kazi yetu haimo kwenye orodha. Kwa hiyo tunapenda jinsi ukurasa wa 12 unavyowataka wanafunzi wachukue sentensi 100 za matangazo ya kambini, wazihesabu vipande kwa Kiswahili, Chichewa na Kifaransa, na kuandika jedwali. Huo ndio ukurasa tungeupanua uwe kurasa nne, hata kwa kufuta utangulizi mzima, unaowasifu watu wa California kupita kiasi.

Sehemu ya viigizi, kwa upande mwingine, imepewa nusu ukurasa tu, na ni hasara. Kiigizi cha kina huenda polepole mno. Kikiwa nyuma ya mashine halisi mara 100,000, sekunde moja ya chipu inachukua saa 28 hivi. Kwa mahali penye umeme wa kukatika hilo ni jambo la kupangiwa, na msomaji wa Malawi hahitaji kukumbushwa Januari 2022, dhoruba Ana ilipokiharibu kituo cha Kapichira na nchi ikapoteza karibu megawati 130. Lakini SCALE-Sim ni nyepesi zaidi, inatolewa bure, na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Kijana wa Dzaleka asiyeruhusiwa kuishi Lilongwe, na ambaye huenda asiguse chipu ya aina hiyo maishani, anaweza kuiga chipu, kubadili umbo lake, na kuona kazi ya Kiswahili inakwama wapi. Waandishi wanalijua hili, tumewasikia wakilieleza kwa mdomo vizuri kabisa. Kwenye karatasi hawakuliandika.

Baadhi ya wenzetu idarani wanaona kwamba kuhangaika na kurasa 14 za fotokopi ni kupoteza nafasi ya jarida. Hatukubaliani nao. Jumuiya ya SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi Agosti 2019, na Julai 2023 Malawi ilitangaza nia ya kukiingiza shuleni. Vitabu vya fasihi vitatoka Dar es Salaam na Nairobi bila shida. Matini za sayansi zilizoandikwa kwa Kiswahili ndani ya Malawi yenyewe ni chache, na hizi ni miongoni mwao. Kiswahili chake kina harufu ya Kongo: "ordinateri" kwa kompyuta, "masini" kwa mashine. Tungewaachia "masini" kwenye mazungumzo na kuisanifisha kwenye maandishi. Juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi tumekwisha kubishana vya kutosha katika matoleo yaliyopita.

Tumewapelekea waandishi orodha ya masahihisho. La kwanza ni ukurasa wa 11: kitenzi kibadilishwe, na idadi ya vibao itajwe. La pili ni kwamba kabla ya fedha kutoka mfukoni, mmoja wao aende dukani na modeli kwenye diski ndogo, aiendeshe kwenye mashine inayouzwa kwa nusu saa mfululizo, ikiwezekana mchana wa Oktoba, kompyuta inapopata joto na kujipunguzia mwendo, kisha aandike namba atakayoiona. Hiyo ndiyo iandikwe "imepimwa". Muuzaji, tumeambiwa, amekubali nusu saa, kwa sharti kwamba umeme utakuwepo.